Siku Priscilla Alipoulizwa

Priscilla, jirani yangu hapa Kegonga, alikuwa mwanamke wa kazi nyingi na maneno machache. Maneno yalikuwa ya mumewe, Magige. Hata mkewe akienda zahanati, ni Magige aliyemweleza daktari panapouma. Alisifiwa sana kwa tumbaku yake. Moto wa kuikausha aliuchochea Priscilla, naye alikuwa akikohoa tangu nimjue.

Novemba 1997, uchaguzi ukikaribia, alifika Dorine, msichana wa Homa Bay aliyetumwa kukusanya maoni ya wananchi. Magige alimpa kiti, akaanza kujibu kabla ya kuulizwa.

"Shida yetu ni bei ya tumbaku. Andika."

"Pole, baba. Kila nyumba naongea na mtu mmoja tu, yule birthday yake iko karibu."

Hapo mzee akakwama. Aliujua vizuri mwaka aliotahiriwa, na wote waliotahiriwa naye angeweza kukutajia. Siku aliyozaliwa hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Weka ile ya kutahiriwa," akasema.

"Haiwezekani, baba."

"Mimi nilizaliwa Krismasi," Priscilla akasema kutoka mlangoni.

Nilibana kicheko. Dorine akaomba waachwe peke yao. Magige alisogea hadi kwenye banda la tumbaku tu, akajifanya anapanga kuni. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua, na sikio langu halina haya.

"Mama, shida kubwa hapa ni gani?"

Priscilla akakohoa. "Tumbaku."

"Bei yake?"

"Hapana, tumbaku yenyewe. Huo moshi unanimaliza. Kama ni mimi naamua, tungepanda mahindi."

Kule bandani kuni zilinyamaza.

Matokeo ya maoni hayo yalipotoka gazetini, shida ya kwanza ilikuwa barabara, na wagombea wote wakaanza kutuahidi barabara. Tumbaku haikutajwa. Nadhani jibu la Priscilla lilitupwa kwenye fungu la mwisho, lililoandikwa "mengineyo". Niliudhika siku nzima. Mtu anaulizwa mara moja maishani, halafu anaitwa mengineyo.

Mvua za Machi ziliponyesha, nilimkuta Magige akipanda mahindi shamba zima, hadi ukingoni mwa banda. Nikamwuliza kulikoni, mkulima hodari wa tumbaku kama yeye.

Hakuinua kichwa. "Si aliulizwa?" akasema. "Na alijibu."