Mapipa ya Buluu ya Mzee wa Achari

Juzi nilikuja Jeddah kutoka Riyadh, ninakofundisha sayansi, kushughulikia karatasi za ikama, kibali changu cha kuishi. Kazi ikamalizika mapema, na miguu ikanipeleka Sharafiya, mtaa niliokulia, bila kuniuliza. Jengo letu lipo bado, limepakwa rangi ya mchanga, na vile viyoyozi vya dirishani vilivyokuwa vikitudondoshea maji utosini vimeondoka vyote. Duka la achari lililokuwa chini yake sasa linauza simu. Nilijua halitakuwepo, lakini nilisimama pale mlangoni kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Niliingia nikanunua kioo cha simu nisichokihitaji. Ukutani palikuwa na televisheni, na ndani yake bwana mmoja wa Marekani, tai imemkaa vizuri, akieleza kwa nini safari hii vita haviepukiki. Nyuma yake pametundikwa picha iliyopigwa kutoka angani, ina mapaa, malori na vishale vyekundu. Wateja walikuwa wakiguna na kukubali. Mimi nilihisi uso ukinipata moto, maana picha ya namna ile niliwahi kuichora mwenyewe, nikiwa na miaka tisa, juu ya paa la jengo lile lile.

Nikusimulie, rafiki yangu, uone kwa nini mambo haya huwa siyachukulii juu juu.

Baba alikuwa mtu wa maabara katika zahanati ya kulipia, na kazi yake aliileta mpaka nyumbani. Akija mgonjwa anatetemeka, daktari ana haraka, familia ina haraka, kila mtu anataka iandikwe malaria mgonjwa apewe dawa aende zake. Baba hakuandika mpaka atie jicho kwenye hadubini. "Kutetemeka nimekusikia," alikuwa akisema, "lakini mimi naandika nilichokiona." Basi nyumbani kwetu habari haikuingia hivi hivi. Ukisema kaka kavunja kikombe, unaulizwa, nani kaona? Ukisema mwalimu anakuonea, nani kaona? Lilikuwa swali la kuchosha, na mimi na ndugu zangu tulilichezea sana kwa kumuiga sauti.

Nikiwa na miaka tisa swali lile lilipata kazi. Marekani ilikuwa ikijitayarisha kuipiga Iraki, na mji mzima ulinunua maji na karatasi ya gundi ya kuzibia madirisha, ingawa Jeddah iko mbali. Ijumaa baada ya sala mama alikuwa akipika biriani, harufu ya vitunguu vya kukaanga ikishuka ngazi zote tatu, na watu wetu wawili walikuwa hawakosi wakipata ruhusa. Mmoja ni anti wa Nakuru, aliyefanya kazi za ndani kwenye nyumba moja kubwa ya Al-Hamra, mtaa wa matajiri. Wa pili ni mwalimu wangu wa Kiingereza, Mmarekani mwenyewe, mwanamke mrefu aliyejifunza kula kwa mkono na akawa anatushinda.

Dada yake mwalimu, aliyebaki Marekani, alikuwa akimtumia vipande vya gazeti la kwao. Baba akishasukuma sahani kando, anavitafsiri kwa sauti, kidole kwenye mstari. Nakumbuka kimoja, cha mwandishi aliyewauliza wabunge wao: mnapiga kura ya vita, ushahidi mmeuangalia au mmesomewa tu? Watoto watakaotumwa ni wa nani, na watakaoangukiwa ni wa nani? Anti akasonya. "Hawa Wamarekani ni watu wa kupenda vita tu, hakuna kingine." Baba akamuuliza, "Wepi? Huyu anayekula biriani nawe?" Mwalimu akacheka, kisha machozi yakamlengalenga. Alisema kwao mtaani ameshaitwa msaliti kwa barua moja tu aliyoiandika gazetini. Tangu siku hiyo neno "Wamarekani" peke yake lilipigwa marufuku nyumbani. Ukilitamka lazima useme wepi.

Sasa chini yetu, mlango wa tatu kutoka ngazini, alikaa mzee wa achari. Alikuwa Muiraki, kaja kabla ya vita vya mwanzo vya Ghuba, akabaki. Matango madogo, karoti, koliflawa, ndimu, vyote vilikaa ndani ya mapipa ya buluu nyuma ya duka, na ukipita mlango wa uani siki inakupiga puani mpaka unapiga chafya. Mama alikuwa akinituma na bakuli. Mzee anajaza, anaongeza pilipili moja ya juu ya hesabu, anasema "hii ya baba," maana alijua baba hawezi kula biriani bila pilipili.

Siku moja nilikuwa paani naanua nguo. Lori likarudi nyuma mpaka uani, yakateremshwa mapipa kumi au zaidi, na mzee akayafunika turubai. Usiku wa kuamkia siku ile televisheni ilikuwa imeonyesha picha za malori na mapipa, na sauti nzito ikisema ndani mna sumu ya kuua mji. Nilipoiona turubai ile, moyo ulinilipuka kwa furaha, nikueleze. Nilikuwa na habari yangu mwenyewe. Nikachora ua, lori na mapipa, nikatia vishale kwa kalamu nyekundu, na jioni nikawaonyesha watoto wenzangu. Nikawaambia nimeona kwa macho yangu maji ya kijani yakitoka moshi. Moshi sikuuona. Nilipoona wananisikiliza, nikauongeza.

Ijumaa iliyofuata anti alikuja na habari hiyo tumboni, na ilikuwa imenenepa. "Mama, ati huyo mzee wa chini ameficha sumu? Watoto wameniambia hapo kwa ngazi. Mimi nimeshaambia madam, achari ya huyo isiingie kwa nyumba yake tena." Mama akaniangalia. Mimi nikaangalia sahani.

Madam yule, mwajiri wake wa Al-Hamra, alikuwa mteja mkubwa, na ndugu yake alifahamiana na kafili wa mzee, yaani mdhamini aliyeshika ikama yake. Zikapita siku nne tu, duka likafungwa kufuli. Kafili hakuyaamini yale ya sumu, nadhani, lakini hakutaka maneno. Alimwambia mzee kwamba ikama yake ataifuta, akusanye vitu vyake arudi kwao. Wiki hiyo hiyo kwao kulikuwa kumeanza kudondoka mabomu. Kila nyumba ya jengo letu ilikuwa ikitazama moto ule kwenye televisheni, na chini mzee anakunja kanzu zake.

Hapo nikasema. Sikusema kwa ushujaa, nilisema kwa sababu begi la mzee lilikuwa limeshafungwa. Baba aliitaka ile picha. Akaitazama, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Hakunipiga. Alimwambia mama, "Mtoto wetu kaandika jibu bila kutia jicho. Tutakwenda kulifuta."

Mama aliogopa, na alikuwa na haki. "Na wewe ukitiwa kwenye maneno hayo hayo? Una kafili wewe pia. Una watoto wanne." Baba alikuwa akivaa viatu. "Nikinyamaza," alisema, "basi nimetia saini."

Kafili tulimkuta dukani, amekaa kwenye kiti cha mzee, tasbihi mkononi. Mzee alisimama mlangoni na begi moja. Baba alimsalimia kila mmoja kwa adabu zake, akaiweka picha mezani, akanisogeza mbele kwa kiganja mgongoni, kisha akarudi nyuma hatua moja. Ile hatua ndiyo naikumbuka kuliko yote, kwa sababu nilielewa hatanisemea.

Nilisema kwa Kiarabu changu cha mtaani. "Nilisema nimeona. Sikuona. Moshi niliuongeza mimi."

"Na haya mapipa?" kafili akauliza.

"Mna matango."

Alinitazama, akamtazama baba, akainuka. Akafungua pipa lililokuwa karibu na mlango wa uani, akakunja mkono wa thobu yake nyeupe, akazamisha vidole, akatoa tango, akalitafuna lote pale pale. Siki ikamdondokea kifuani. "Halas, yamekwisha," akasema, na ufunguo akauweka mezani.

Mzee wa achari aliliweka chini begi lake taratibu. Nilingoja anitukane. Alimgeukia baba, na sauti yake haikuwa na hasira wala shukrani. "Huyu wako kaja kusema," akamwambia. "Mwambie na yule wa kwenye televisheni aje."

Baba aliichukua ile picha mezani, akairudisha mfukoni.

Usidhani mambo yalirudi kama zamani. Anti alikwenda kumwambia madam wake ukweli, na namheshimu kwa hilo, lakini Al-Hamra hawakununua tena. Nusu ya wateja walipotea wakizunguka mtaa mzima kuepuka duka lenye achari nzuri kuliko zote. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu ilifika mbali kuliko mimi mwenyewe nilivyoweza kuifuata, na ile ya wakubwa ilipita na vifaru juu yake. Mzee alibaki miaka miwili akauza kidogo kidogo, mwisho akahamia mji mwingine. Mwalimu alirudi kwao baada ya muhula, akatuandikia kwamba anasimama kila Jumamosi na wenzake pembeni mwa barabara, wameshika mabango, na magari mengine yanawapigia honi ya kuwaunga mkono na mengine yanawatemea mate. Silaha zilizotafutwa hazikupatikana. Waliozisema waliandika vitabu vya maisha yao na wakalipwa kwenda kuhutubia.

Sina ugomvi na Wamarekani, na wewe sasa unajua nitaulizwa wepi. Ugomvi wangu ni na wale wanaotoa hukumu asubuhi na kutafuta ushahidi jioni, wakakuta mji umekwisha, halafu wakasema wamesikitishwa na taarifa walizopewa. Wako kwao, na sisi tunao wa kwetu, na mmoja wao alikuwa mtoto mwenye kalamu nyekundu.

Baba alifariki, biriani ya Ijumaa ikaisha, na pale uani hakuna hata mtu mmoja anayeikumbuka harufu ya siki. Pale dukani simu yangu ililia. Mwenzangu wa kazini Riyadh alikuwa amenitumia ile ile picha ya vishale ya kwenye televisheni, na chini kaandika: wapelekee wote. Nilimjibu kwa maneno mawili, nani kaona, na sikuipeleka kwa mtu. Kesho nitaipeleka darasani kama mfano, na kama mkuu wa skuli ataniita, ataniita. Wanafunzi wangu watajifunza kutia jicho kwanza.

Nilipotoka, bwana mwenye tai alikuwa bado anazungumza. Mimi kusema "sikuona" kulinichukua muda mfupi kuliko kushuka ngazi zetu tatu, na mtu mmoja akabaki na ikama yake. Yule wa kwenye televisheni mpaka leo mzee anamngoja.