Mama Alikuwa Hajakubali

Uji wa mahindi ukishika chini ya sufuria hutoa harufu ambayo wengine huikimbia. Mimi husimama. Juzi nilipita nyuma ya jiko la shule moja hapa Kibiti, harufu hiyo ikanipata, na mara nikawa tena mtoto wa darasa la tatu kule bonde la Mohoro, nimeshika kikombe cha plastiki, nalia kwa sababu nimenyimwa dawa chungu.

Ndiyo, msomaji wangu, nililia dawa. Nilikuwa nakojoa damu. Sisi watoto wa mashamba ya mpunga tulishinda kwenye maji yaliyotuama, na kichocho tulikizoea kama tulivyozoea mbu. Wavulana walijisifu kwamba ni dalili ya kukua. Mimi sikuona cha kujisifia. Tumbo la chini liliniuma, na tukicheza rede nilikuwa wa kwanza kukaa chini.

Basi ikatangazwa kwamba wauguzi watakuja shuleni na dawa. Mwalimu Anjela, mtu wa Njombe aliyesimamia mambo ya afya pale shuleni, aliwaita wazazi waje waelezwe, kisha kila mmoja aseme kama mwanawe apewe au asipewe. Mama hakwenda. Tulikuwa tumehamia dunguni, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, tukilinda mpunga na ndege. Alituma neno fupi kwa jirani: "Wangu asipewe."

Siku ilipofika ulipikwa uji kwanza, maana dawa ile haimezwi na tumbo tupu. Ulishika chini, tukaunywa hivyo hivyo. Kisha watoto wakasimama mmoja mmoja kwenye mti wa kupimia urefu, wenye alama za rangi. Urefu wako ndio uliosema umeze vidonge vingapi. Nikajipanga nao, nimenyoosha shingo nionekane mrefu. Mwalimu Anjela akanishika bega, akanitoa taratibu.

"Wewe bado, Mwanahawa. Mama yako hajakubali."

"Lakini naumwa mimi, mwalimu."

"Najua. Ndiyo maana leo nakwenda kwake."

Nilimwona ana roho ngumu. Dawa iko mezani, mgonjwa yuko mbele yake, na yeye anazungumzia mtu aliyeko shamba. Na mama nilimkasirikia vilevile.

Alasiri tulishika njia ya bondeni. Mwalimu alivua viatu, lakini tope la Rufiji halimjui mtu wa milimani. Aliteleza akakaa chini, gauni lote likageuka rangi. Mama alituona kutoka juu. Akashuka ngazi huku akijizuia kucheka, akamletea maji ya kunawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Njia yetu hii haina adabu kwa wageni."

Nilitegemea mama atahubiriwa. Majirani walikuwa wakimsema chinichini, wakisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sikujua ni nyoka gani. Mwalimu aliuliza tu, "Mama, unahofia nini?"

Mama alirusha donge la udongo, ndege wakaruka. Ndipo akasema.

"Kabla ya huyu nilikuwa na Hamisi. Alishikwa na homa, nikampa dawa asubuhi, nikaja huku shamba. Nyuma yangu watu wakamwona anachemka, wakampeleka kwa muuza dawa, akapewa nyingine, kisha nyingine tena. Nilimkuta keshafunikwa. Sijui kama ni homa au ni dawa, wala sitajua. Walikuwa na huruma, siwalaumu. Lakini hakuna aliyeniuliza. Ningewaambia alishameza."

Mimi sikuwahi kulisikia jina la Hamisi.

Mwalimu alisogea karibu na mama. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na huyu Mwanahawa, kuna dawa yoyote anatumia sasa? Kuna iliyowahi kumdhuru?"

Mama alimtazama sana. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza hivyo." Akaanza naye kuuliza, swali juu ya swali. Mengine mwalimu alijibu, mengine alisema, "Hilo silijui, mama. Tutamuuliza muuguzi."

Kesho yake mama alinilisha wali na perege hadi nikashindwa kuinama, tukaenda zahanati. Alimweleza muuguzi maradhi yangu yote tangu nikiwa mchanga, hadi waliokuwa nyuma yetu wakaanza kuguna. Kisha akanishikia kikombe, nikameza. Kichefuchefu kilinisumbua mchana kutwa, naye hakubanduka. Damu ikakoma. Nikarudi kwenye rede, nikawa nacheza hadi naitwa nyumbani.

Miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama habari ya mwalimu aliyeushinda woga wa mama. Nilipopata mtoto wangu ndipo nilipofikiri upya. Mwalimu Anjela angeweza kunipa vidonge vile siku ileile, nikapona, nikamshukuru, na mama yangu akarukwa bila kuulizwa kwa mara ya pili. Kumbe aliponitoa kwenye mstari, mimi nikilia, alikuwa akimheshimu mtu ambaye hayupo wala haoni.