Siku Bruda Gervasi Alipokula kwa Bibi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, pale kwetu Makwale, nilikatazwa kupokea kitu chochote mkononi mwa Bruda Gervasi. Aliyenikataza ni bibi mzaa mama, ndiye aliyenilea.

Bruda alikuwa mtawa wa Kikatoliki, mtu wa Ufipa, mwembamba sana, mwenye kanzu ya kahawia iliyofungwa kwa kamba kiunoni. Alitembea peku kwenye matope ya mashamba ya mpunga, alilala sakafuni bila mkeka, na alikula mara moja tu kwa siku, uji usio na chumvi. Sisi hatukuwa Wakatoliki, na kujinyima kwa namna hiyo hatukukujua. Tulichojua ni kwamba mchawi hufuga chatu tumboni, na chatu huyo hutoka kwenda kula watu. Kwa hiyo mtu anayekataa chakula kila nyumba, bibi alisema, ameshiba kwingine.

Siku moja Bruda alipita uani kwetu, bibi akamkaribisha ndizi kwa heshima tu ya mgeni. Alisema ndaga, yaani asante, akaenda zake bila kuonja. Haikupita wiki, bibi akajikata mguu kwa jembe, na kidonda kikakataa kupona. Kikaanza kuoza. Majirani wakaacha kuja kwa sababu ya harufu. Mjomba Ambakisye, mtoto wa kiume wa bibi, hakuhitaji mganga wa kumtajia mhusika. Akatangaza kwamba Bruda asipoondoka Makwale kabla ya Jumapili, atachomewa ndani ya kibanda chake.

Sijui nani alimpelekea habari. Jumamosi mchana alikuja mwenyewe. Mjomba na wanaume wengine wanne walikuwa wamekaa uani. Aliwasalimu, hakuna aliyeitika. Akaenda moja kwa moja barazani alikolala bibi, akapiga magoti.

"Mama, nina njaa," alisema. "Naomba chakula."

 Bibi akaniagiza nilete wali na mbasa, samaki wa ziwani tuliyemnunua Lyulilo. Kwa imani yetu, mchawi hawezi kumeza chakula cha mtu aliyemroga. Chatu humkaba koo. Kila mtu pale alilijua hilo, na nadhani hata Bruda. Nilimnawisha. Akala taratibu, tonge baada ya tonge, wanaume wale wakimwangalia koo, mpaka sahani ikaisha. Akaomba aongezwe kidogo. Mjomba akainuka, akatoka, wenzake wakamfuata.

Bruda akaomba maji ya moto na chumvi, akakiosha kidonda. Bibi alilia, na sidhani kama ilikuwa kwa maumivu.

Alipoaga, nilikwenda kumwaga maji machafu nyuma ya nyumba. Nikamkuta kwenye mikakao, ameshika shina, anatapika wali wote. Tumbo lake halikuzoea chakula kama kile. Aliponiona alijifuta midomo. Hakuniomba ninyamaze. Aliniangalia tu, akingoja nitakachofanya. Neno moja kwa mjomba lingetosha achomwe. Nilifukia yale matapishi kwa mguu, nikarudi ndani.

Alikuja kila siku kwa miezi miwili, hadi kidonda kikafunga.

Alifariki nikiwa sekondari. Siku hizi watu wa kila dini huwapeleka wagonjwa wao kaburini kwake, na Wakatoliki wanakusanya ushahidi ili atangazwe mtakatifu. Juzi padri mmoja alinifuata kazini kwangu Kyela, akaniuliza kama nilishuhudia muujiza wowote. Nilimjibu hapana, nikamsimulia habari ya wali, na ya kutapika pia. Hapo akaacha kuandika. Akauliza kama kweli hilo la kutapika lina haja ya kuingizwa.

Nilimwambia aliandike. Kushinda na njaa Bruda alikuwa amezoea. Siku ile alifanya lililokuwa gumu zaidi kwake: alikula, tena akaomba nyongeza, kwa ajili ya mwanamke aliyesema kwamba yeye Bruda ni mchawi, ili mwanawe, mjomba wangu, asije akawa muuaji.