Kizibo cha Mama Chumvi

Kwenye maabara ya kiwanda cha nguo walimwita Mama Chumvi, naye hakukasirika, maana jina alilipata kwa kazi yake. Kila asubuhi, hata hajavaa koti jeupe sawasawa, aliichukua elektrodi, kile kijiti cha kioo cha kupimia asidi ya rangi, akaitazama dirishani kama chemba yake ya ndani imejaa maji ya chumvi. Ubavuni mwa chemba kuna tundu la kujazia, na tundu lina kizibo cha mpira, kidogo kama punje ya hindi. Wakati wa kupima, kizibo lazima kitolewe ili maji ya chumvi yavuje polepole na kuingia kwenye rangi. Ukikisahau, maji hayavuji, rangi ndiyo inayopenya ndani, na mashine inakupa namba ya uongo kwa uso mkavu kabisa.

Yeye hakukisahau hata mara moja. Akikitoa alikitia mfukoni mwa koti, na hakwenda kula mpaka mfuko uwe mtupu. Wenzake walimtania kwamba hata mumewe hapapaswi mfukoni kiasi hicho.

Mume ndiye aliyembembeleza amtafutie mdogo wake kazi. Akamtafutia. Akamfundisha wifi yake kila kitu, pamoja na ile habari ya mfuko. Wifi alikuwa na mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi, na maelekezo yalimwingilia sikio hili yakatokea lile.

Siku moja Mama Chumvi alikwenda stoo kuchukua chupa za chumvi, wifi akapima peke yake. Kizibo kilikuwa mahali pake, kimekaza. Mashine ikasema rangi iko sawa, na kitambaa chote cha sare kikatoka na mabaka kama ukuta uliolowa. Meneja akasema kesho asubuhi anataka kumjua aliyepima.

Jioni wifi alikuja nyumbani, akaketi sebuleni akilia.

"Wifi, nisitiri. Sitakusahau maisha yangu yote."

"Mke wangu," mume akasema, "wewe ni wa siku nyingi pale, watakuonya tu. Huyu bado yuko kwenye majaribio, watamfukuza."

"Na nikifukuzwa mimi?"

"Nani akufukuze wewe? Na hata wakikufukuza, sisi hapa ndani si tunaujua ukweli?"

Mama Chumvi akapiga moyo konde. Asubuhi akasimama mbele ya meneja akasema ni yeye aliyesahau kizibo. Hakuonywa. Unga ulimwagika kabla ya saa sita, akalivua koti na kulikunja vizuri, mfuko ukiwa mtupu kama kawaida. Mwezi uliofuata kiti chake alikikalia wifi.

Ilimuuma, lakini alipata pa kujishika. Kiwanda kizima kingemwona mzembe na kingemsema kikachoka. Ndani ya nyumba yake walikuwapo watu wawili wanaojua kwamba hakukisahau, na hao walimtosha. Hakuwadai shukrani. Alitaka wajue tu.

Miaka ikaenda. Jumapili moja wifi alikuja kula, kanenepa, kitambulisho cha kiongozi wa maabara kinaning'inia shingoni hata siku ya mapumziko. Akalalamika kwamba elektrodi inayumba, namba hazitulii.

Mama Chumvi alikuwa anapakua chakula. "Chemba umeitazama? Maji ya chumvi yakishuka chini ya usawa wa rangi, lazima iyumbe. Na kizibo..."

Wifi akacheka, bila ubaya wowote. "Wifi yangu, kizibo tena? Wageni wote nikiwafundisha naanza na kisa chako. Nawaambia, palikuwa na mama mmoja hodari, siku moja tu akasahau, ukawa mwisho wake. Hawasahau tena."

Mama Chumvi akaweka upawa chini. Akamgeukia mumewe, akingoja. Mtu mmoja tu alitosha, na neno moja tu.

Mume alimaliza kutafuna kwanza, kisha akamshika mkono kwa upole.

"Usiumie, mke wangu. Kila mtu husahau."

Alimtazama usoni akitafuta dalili ya mzaha, au hata ya aibu. Hakuiona. Mumewe alikuwa anamwonea huruma, huruma ya kweli kabisa.