Kengele ya Ngamia kwenye Mkono wa Ayeeyo

Nakumbuka siku moja ya Ramadhani, mwanangu. Najua bado sijakuzaa, lakini mimi sina subira ya kungoja niwe mzee ndio nikupe nasaha.

Ayeeyo, nyanya yangu, alikuwa amelazwa hospitali hapa Garissa. Walimbandika kidude kidogo kwenye mkono, kinapima sukari mchana na usiku bila kumdunga kidole kila saa. Wageni wetu wa Bura wakauliza hiyo ni hirizi gani. Akawaambia ni koor, ile kengele ya mbao tunamfunga ngamia shingoni: humwoni kichakani, lakini unajua anaelekea wapi. Wodi nzima ikacheka.

Basi mchana ule skrini ya kile kidude ikalia. Mshale unaangalia chini, yaani sukari inashuka. Sista akaja mbio, akampima kidole, ikawa kweli. Kumbe ayeeyo alidungwa insulini asubuhi, halafu chai na mkate wake akampa mgonjwa wa kitanda jirani. Alikuwa amefunga kimyakimya. Sista akamletea maji ya glukosi, ayeeyo akabana mdomo. Alisema hajawahi kula mchana wa Ramadhani kwa sababu ya ugonjwa, hata alipokuwa akihamisha ngamia wakati wa ukame. Jasho linamtoka, mikono inatetemeka, na bado anabisha.

Watu husema haraka haina baraka. Siku hiyo sikungoja baraka. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Ayeeyo, koor ikilia upande wa fisi, mchungaji anakaa tu?"

Akaniangalia vile mtu anaangalia ngamia sokoni.

"Akikaa hana ngamia," akasema. "Lete hicho kikombe, mjeuri wewe."

Akasema Bismillahi, akanywa chote. Baadaye mshale ukatulia. Jioni wageni waliporudi, akanishika bega akawaambia, "Huyu ndiye mchungaji wangu." Mwanangu, cheti cha shule ninacho, lakini hakijawahi kunifanya nitembee kifua mbele kama neno hilo.

Kwa hivyo sikia. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini sukari haionekani kwa macho, ndio maana imefungwa kengele. Ikilia, usimwonee haya mkubwa na usimvunjie adabu. Mwambie kwa maneno yanayotoka kwake mwenyewe. Na ukiwa wewe ndiye mgonjwa, kumbuka Mungu mwenyewe amemruhusu mgonjwa kula.

Allah akupe afya, akupe wa kuchunga na wa kukuchunga, na akupe sikio linalosikia kabla fisi hajafika.