Aina Tatu za Matango Nyuma ya Jiko

Nilipotangaza kwamba nitalima matango, wateja wangu walinicheka mpaka machozi. Mimi ni fundi cherehani hapa Bunia. Nimelelewa mjini kwa shangazi yangu, na jembe nilikuwa nikiliona mikononi mwa watu wengine. Kiwanja changu chenyewe ni kipande cha udongo mwekundu kati ya jiko na ukuta, hata kuanika mashuka mawili ni shida. Waliocheka walikuwa na haki. Ila hawakujua kwamba sikuwa nikitafuta matango hasa. Nilikuwa nikimtafuta mama yangu.

Mama alilima maisha yake yote huko Djugu. Alipokimbia vita alifika kwangu na sufuria moja na kitenge alichojifunga, na tangu siku hiyo hakugusa udongo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, amekipa kiwanja mgongo, akitazama barabara. Alikula kidogo, alijibu kidogo. Nilipomsihi apande hata lengalenga za mboga, alisema mtu hapandi mahali ambapo hajui kama atavuna. Nilikasirika, kisha nikaogopa, kwa sababu aliyasema hayo bila uchungu, kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo yake. Mama yangu alikuwa ananiponyoka huku amekaa mbele yangu.

Ndipo nikafikiria matango, au konkombre kama tunavyoyaita hapa. Muhogo unamtaka mtu mwenye subira, na subira ndiyo tuliyokosa. Tango halichelewi. Tena nilikumbuka kwamba mama, katika shamba lake, alikuwa akiyaotesha katikati ya mahindi, na nilipomtembelea likizo tuliyala na chumvi hapohapo shambani.

Sokoni, mama mmoja muuza mbegu alinipangia aina tatu. Ya kwanza ilikuwa ndefu na laini, imetoka Uganda kupitia Aru, ndani ya kikopo chenye picha ya kuvutia. Akanionya kwamba hiyo inadeka: inataka maji kila siku, na mvua zikizidi inashikwa na ukungu. Ya pili ilikuwa ya kienyeji, ya mviringo, hugeuka manjano, nayo hutambaa popote bila kuomba ruhusa. Ya tatu ilikuwa fupi, yenye vipele vya miiba. Alinitazama mikono, akaona haijawahi kushika mpini.

“Weye unaanza tu? Kamata hii fupi. Iko na huruma.”

Ningemsikiliza, mambo yangekuwa rahisi. Lakini nilinunua zote tatu, nikaziweka kiganjani mbele ya mama ili yeye achague. Alizitazama kidogo, akasema zote ni mbegu, akageukia barabara yake.

Basi nikazipanda zote, kwa hasira. Hasira hiyo haikudumu. Kiganjani mbegu zile zilikuwa hazitofautiani hata kidogo, nyeupe, bapa, zimechongoka upande mmoja. Nani aliyeiambia hii iwe ndefu na ile iwe ya mviringo? Zilichomoza shingo zimepinda, bado zimevaa ganda kichwani. Zilipoanza kutoa vile vijikono vyembamba vya kujishikia, nikazifungia ukutani vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye mashono. Asubuhi moja nilining’iniza kipande mbali kidogo na kijikono kimoja, kwa kukijaribu tu. Jioni kilikuwa kimekifikia na kukizunguka, kimejikaza. Hakina macho, hakina aliyekionyesha njia. Nilisimama pale na mkasi mkononi, mteja ananiita barazani, nami nimeshikwa na woga ule unaomshika mtu kanisani watu wote wakinyamaza. Nilijiambia kwamba nimeishi miaka yote hii nikila vitu ambavyo sivijui.

Maua ya kwanza yalianguka yote, nikalia kwamba nimeua shamba. Jirani yangu akanieleza kwamba hayo ni maua ya kiume, hutangulia, nami nikachekwa upya. Yaliyofuata yalikuja na vitango nyuma yake, vidogo kuliko sindano ya cherehani. Nikamwita jirani aje aone. Nikawa ninamwonyesha kwa kidole, hiki, na hiki, na kile kilichojificha chini ya jani.

Nikasikia kiti cha plastiki kikikwaruza. Mama alikuja kwa haraka ambayo sikuwa nimeiona tangu afike, akaushika mkono wangu, akakikunja kidole changu kikawa ngumi.

“Hapana onyesha na kidole, mtoto wangu. Itaoza.”

Huko kwao tunda changa la maboga au la tango huonyeshwa kwa ngumi. Mtoto mdogo anajua hilo, mimi wa mjini sikujua. Jirani alitabasamu. Mimi nilikuwa nikimtazama mama, kwa sababu hakurudi kwenye kiti. Aliinama, akauvunjavunja udongo kwa vidole, akasema mimi ni mchoyo wa majivu. Kuanzia hapo kila asubuhi nilimkuta huko nyuma ya jiko, akinyunyiza majivu na kuigombeza mitango.

Ile ndefu ya Uganda ilishikwa na ukungu kama nilivyoonywa. Ya kienyeji ilifunga njia ya choo, tukawa tunairuka. Ile fupi ikazaa mpaka tukagawia wateja. Tuliyala matango na chumvi, na samaki wa Kasenyi pembeni, na mama akaongeza sahani bila kuombwa.

Tango moja la ile fupi lilikuwa nono kuliko yote, limeanza kugeuka manjano. Nililifuata na kisu na beseni kabla halijaharibika. Mama akanizuia.

“Hapana kata. Ile iko ya mbegu.”

Nilishangaa, maana nilidhani kama ni mbegu atachagua ya kienyeji, aliyoizoea. Nikamwuliza ni mbegu ya kupanda wapi. Hakuinua uso, alikuwa analiwekea lile tango jani chini lisigusane na udongo.

“Hapa, sezoni yenye kuja. Ingine tutapeleka kwetu, siku siye tutarudia.”

Nilirudisha kisu jikoni nikalia, beseni tupu mkononi.