Mama Mafaili na Majibu Yaliyokosa Mlinzi

Nyuma ya dirisha la dawa, katika hospitali moja ndogo ya ghorofa mbili, kulikuwa na chumba cha rafu zilizofika darini. Humo mwanamke mmoja alitunza mafaili ya wagonjwa kwa miaka kumi na mitatu. Ukitaja namba ya kadi, kabla hujaimaliza yeye ameshapanda ngazi. Watu walimwita Mama Mafaili, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye orodha ya mishahara tu. Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wengi: hakumpa mtu faili mpaka amwone usoni na kujua ni nani. Daktari mgeni aliwahi kusimamishwa pale dirishani, koti jeupe na yote, mpaka muuguzi mkuu alipokuja kumtambulisha.

Kompyuta zilipoletwa, wenzake walimwonea huruma. Walijua kitumbua chake kimeingia mchanga. Yeye, na miaka yake arobaini na mmoja, alikwenda kwa wifi yake, mwalimu wa hesabu, akaomba kufundishwa kuandika programu. Wifi alicheka sana, maana utani wa mawifi hauna likizo, akamuuliza kama bado kichwani kuna nafasi. Mama Mafaili akamjibu kwamba ng'ombe hazeeki maini. Kwa miaka miwili, kila Jumamosi, walikaa kwenye meza ya jikoni na kompyuta iliyokosa herufi moja ya kibodi. Fundi aliyeujenga mfumo wa hospitali alipopata kazi kwingine, hapakuwa na haja ya kutangaza nafasi.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa huduma ya majibu ya maabara. Mgonjwa aliandika namba ya kadi kwenye simu, simu ikauliza kompyuta ya hospitali, na majibu yakaja palepale. Foleni ya asubuhi ilipungua nusu. Daktari mkuu alimsifu mbele ya wafanyakazi wote, naye alirudi nyumbani akitembea kama aliyevaa viatu vipya.

Mwezi wa tatu, fundi cherehani mmoja alikuja akaomba waongee pembeni. Alikuwa amekosea tarakimu moja ya namba yake, na mbele yake yakafunguka majibu ya mwanamume anayemfahamu, jirani wa mlango wa pili.

"Nimeona nisichotakiwa kuona," alisema kwa sauti ya chini. "Sitamwambia mtu. Lakini yangu je, nani ameyaona?"

Mama Mafaili alirudi kwenye kiti chake akajaribu mwenyewe. Kila namba aliyoandika ilijibiwa. Mfumo haukuuliza wewe ni nani wala unataka nini. Yeye aliyemsimamisha daktari mwenye koti lake alikuwa amejenga dirisha lisilo na mtu.

Angeweza kuziba kimya kimya. Siri ya mtungi aijuaye kata, na fundi cherehani alikwishaahidi kunyamaza. Alipiga moyo konde, akapanda hadi ofisi ya daktari mkuu, akasema kosa ni lake, ameliandika kwa mkono wake, na anaomba kuizima huduma sasa hivi. Daktari mkuu alisita. Watu wameizoea, foleni itarudi, na maneno yakitoka hayarudi. Hawezi kuirekebisha huku inaendelea?

"Mkuu, kila dakika tunayoongea hapa, majibu ya mtu yako barabarani."

Daktari mkuu akamwambia azime.

Mfumo ulikuwa unaandika kila ombi, simu gani imeuliza kadi gani. Alipitia miezi yote mitatu, mstari kwa mstari, akitenganisha mama aliyefungua majibu ya mwanawe na mgeni aliyefungua ya asiyemhusu. Wakabaki watu kumi na mmoja ambao majibu yao yalionwa na wasiohusika. Wakubwa wengine waliona barua ingetosha. Yeye na muuguzi mkuu waliwaita mmoja mmoja, mlango ukafungwa, wakaambiwa. Baadhi walishukuru kwa kuambiwa. Dereva mmoja mstaafu hakushukuru. Alisema mwili wake umeanikwa kama nguo kwenye kamba. Mama Mafaili hakujitetea hata kwa neno moja. Aliomba radhi, akakaa palepale mpaka mzee mwenyewe alipoinuka.

Ndipo akaanza kujenga upya. Muuguzi mkuu aliuliza kama nenosiri peke yake halitoshi, naye akamweleza bila papara. Mgonjwa atakuja dirishani mara moja na kadi yake, ataonekana, atachagua nenosiri. Akiingia nalo kwenye simu, mfumo utamkatia tokeni, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaobeba namba ya mwenyewe na saa ya kuisha, na mwishoni sahihi ambayo mfumo peke yake unajua kuitia. Nenosiri hufungua mlango mara moja tu; kila ombi linalofuata sharti lije na tokeni hiyo. Ukibadilisha herufi moja, sahihi haikubali, na unaonyeshwa mlango.

Siku ya tano huduma mpya ilifanya kazi. Muuguzi mkuu alitaka huduma ifunguliwe siku hiyo hiyo. Mama Mafaili alisema kwanza ataiba. Aliingia kama yeye mwenyewe, kwa nenosiri lake halali na tokeni yake halali, akaomba majibu ya kadi ya wifi yake, aliyekuwa amemruhusu. Akapewa yote.

Alicheka kicheko kikavu. Mfumo ulihakikisha tokeni ni ya kweli, lakini haukuangalia kama kadi inayoombwa ni ya mwenye tokeni. Kwa lugha ya chumba chake cha zamani, mlinzi amemtambua mtu vizuri kabisa, kisha akamruhusu achukue faili lolote analotaka. Aliandika ukaguzi wa pili. Kisha akamwalika wifi aje kuvunja. Alasiri nzima yule mwalimu alileta tokeni zilizokwisha muda, tokeni zilizokatwa mkia, tokeni za kughushi, na tokeni halali zilizoombea kadi za watu wengine. Hakupita hata mara moja, na kwa mtu aliyezoea kushinda ubishi wote wa ukoo, ilimuuma.

Huduma ilipofunguliwa, wauguzi, ambao nao sasa waliingia kwa tokeni kufungua majibu ya wagonjwa wa wodi zao, ndio waliolalamika. Tokeni zao ziliisha kila baada ya dakika kumi, katikati ya raundi, na mikono imevaa glavu. Hakuwaambia wavumilie. Alizunguka nao wodini kutwa nzima akiandika dakika za kila kitanda, kisha akarekebisha: anayeendelea na kazi anakatiwa tokeni mpya bila kuulizwa, na simu iliyosahaulika mezani nusu saa inafungwa yenyewe.

Lililomjaribu kweli lilitoka nyumbani. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa na kijana anayekaribia kuoa, na binti aliyechumbiwa alitibiwa hospitali hiyo. Dada alikuja Jumapili, akakaa, akasifu chai, kisha akaomba amchungulilie tu kama binti ana afya. Hakuna atakayejua.

"Nikifungua kwa ruhusa yangu ya fundi, dada, mfumo utaandika kwamba ni mimi."

"Si wewe ndiye uliyeutengeneza? Ufute."

"Niliutengeneza nisiweze kufuta. Na hata ningeweza, nisingefungua. Yule ni mtoto wa watu."

Dada alichukua mkoba wake, chai ikabaki nusu. Kwa wiki tatu hakupokea simu. Mama Mafaili alimwambia wifi kwamba watu kumi na mmoja hawakumuumiza hivi. Alikuwa akikoroga sufuria na kusahau kilichomo. Lakini hakuna siku aliyofikiri kwamba angejibu vingine.

Wiki ya nne dada alituma ujumbe mfupi: aje wapime pamoja vitambaa vya harusi, na abebe mkasi wake mzuri. Habari ya majibu haikutajwa, ila tangu hapo, kila ndugu akimwomba Mama Mafaili kitu, dada huwahi kumwonya. "Huyu hata chumvi usimwombe," husema. "Atakuuliza tokeni." Wote hucheka, na yeye hucheka kuliko wote, maana anajua pale ndipo msamaha ulipo.

Siku hizi hospitali nyingine mbili humwita kukagua mifumo yao. Na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi, yeye hubadilisha ufunguo wa siri unaotia sahihi, isije ikawa mtu ameuiba. Tokeni zote hufa kwa mpigo, na kila mtu, kuanzia daktari mkuu, hulazimika kuingia upya. Manung'uniko huanzia maabara na kushuka ngazi hadi kwenye dirisha la dawa. Mama Mafaili husimama kwenye korido na kikombe chake, akiwasikiliza.